Bwana Shee, Mpira wa Kifuani na Mke wa Pili

Wanangu wauguzi, mtu aliyenyonyolewa na dawa za saratani mpaka nyusi hawezi kuangusha unywele. Liwekeni hilo kichwani kabla ya mengine yote mliyofundishwa chuoni. Ukikuta unywele chini ya plasta yake, jua una mwenyewe, na mwenyewe hayuko hapo kitandani.

Mimi ndiye Bi Dija. Nilianza uuguzi hapa Amu, kisiwani Lamu, siku ambazo sindano zilichemshwa kwenye sufuria kama mayai, nikaacha kazi wakati kila kitu kinakuja ndani ya karatasi yake, kinatumika mara moja na kutupwa. Nimestaafu mikono na miguu. Mdomo bado uko kazini. Ndiyo maana mkipita kwangu mkaniuliza habari za mipira ya kifuani, siwezi kuwaacha mwende zenu na jibu fupi.

Mipira hii nyinyi mmeikuta. Sisi ilitushukia. Mgonjwa anakwenda Mombasa kwa matibabu ya saratani, anarudi na mpira mwembamba umetokeza kifuani kama waya wa redio, ncha moja nje, ncha ya pili karibu kabisa na moyo. Kazi yetu ni kuusafisha kila juma, kuusukuma maji ya chumvi usizibe, na kubadilisha plasta. Kazi nyepesi, utasema. Naam. Hata kufungua mlango ni kazi nyepesi, mpaka umfungulie mwizi.

Aliyenifundisha kuuogopa mlango huo ni Sista Nafula, mama mmoja wa bara, mrefu, mkali, anayenukia sabuni hata siku ya mapumziko. Alisema kifuniko cha mpira kisuguliwe kwa spiriti mpaka mkono uchoke. Vijana wakawa wanapangusa kidogo na kukimbilia chai. Basi akaamuru kila mtu asugue huku akisoma sala yake, taratibu, bila kuruka neno. Yeye alisugua kwa Baba Yetu, mimi nikasugua kwa Alhamdu. Bakteria hawakuuliza dini, walikufa wote.

Yuko aliyejifanya mjanja akasoma upesi upesi kama anafukuzwa na mbwa. Sista Nafula akamwambia, "Anza upya. Huyo Mungu wako hajakusikia, na mimi pia sijakusikia."

Mama huyo alikuwa na desturi nyingine iliyotuudhi. Akikuta mtungi wa dawa ya kuulia vijidudu uliojazwa juu ya mabaki ya jana, anaumwaga wote bafuni. Tulimwona mharibifu. Baadaye nikaja kuelewa kwamba kuna vijidudu vyenye roho ngumu, ukivizoeza dawa kidogo kidogo vinaifanya kitoweo. Mtungi tunaouamini unakuwa ndiyo nyumba yao. Kwa hiyo nikiwaona mnaongeza dawa juu ya dawa, jueni bado nina mkono wa kumwaga.

Sasa Bwana Shee.

Alikuwa mtu wa kijiji cha Matondoni, mchukuzi wa mawe na mchanga wa kujengea. Mfupi, kifua kipana, sauti ya mtu aliyezoea kumwita mwenzake aliye ng'ambo ya mkondo. Saratani ya damu ilimkamata akiwa na nguvu zake. Mombasa walimwekea mpira, wakampa dawa, wakamrudisha nyumbani apumzike kabla ya awamu nyingine. Nywele zilikwisha zote. Ndevu, nyusi, kope. Aliniambia, "Bi Dija, nimekuwa kama yai. Mtu aweza kunipika."

Kilichopungua zaidi ya nywele ni kinga ya mwili. Dawa zile huua saratani, lakini na askari wa damu hufa nao. Mtu anabaki kama nyumba iliyoezuliwa makuti: kila mvua ni yake. Hospitali ya Mombasa ilimwonya. Vumbi, samadi, wanyama, vyakula vilivyolala, akae mbali navyo. Mkewe, Bi Mwanate, aliyasikia maonyo yale kama fatwa. Kabla mumewe hajashuka chomboni kutoka Mombasa, alikwisha kufukuza kuku, akafagia ua mpaka ukang'aa, na punda wao wa mizigo akampeleka kwa ndugu yake mwisho wa kijiji.

Kila juma walikuja pamoja kwangu. Bi Mwanate hukaa benchini, mkoba mapajani, macho kwa mumewe kama mlinzi wa benki. Siku moja nafungua plasta naona imebanduka pembeni, imegandishwa tena kwa utepe wa dukani. Na chini yake, karibu kabisa na mpira, unywele. Mfupi, mgumu, wa kijivu. Nikaushika kwa kibano, nikauinua kwenye mwanga.

"Bwana Shee, huu wa nani?"

Akautazama kidogo. "Wa paka."

Kutoka benchini ikaja sauti ya Bi Mwanate, tulivu kabisa. "Sisi hatuna paka."

Sasa nyinyi mnanijua. Mtu mwingine angenyamaza, akabadilisha plasta, akaandika. Mimi nilicheka, nikasema, "Basi Bi Mwanate, hongera. Una mke mwenzio, tena mtu mzima, nywele zishaingia mvi."

Nilidhani ni mzaha. Bwana Shee alicheka, lakini kicheko chake kilikuja kimechelewa. Na Bi Mwanate hakucheka. Baadaye nikaja kujua kwamba mumewe alikuwa na mtindo wa kupotea kila alasiri. Anaswali, anasema anakwenda kunyosha miguu, anarudi uso umechangamka na kanzu ina jasho. Mgonjwa wa saratani, uso umechangamka! Mke gani asingehesabu mbili na mbili?

Siku hiyohiyo nilisafisha mpira kwa Alhamdu nzima, nikausukuma maji ya chumvi. Hatukumaliza hata mazungumzo. Meno yake yakaanza kugongana. Kitanda kikatetemeka, trei ya plasta ikatetemeka, na jua limewaka nje hata punda wanatafuta kivuli. Homa ikapanda mara moja.

Hapa acheni kucheka kidogo. Mgonjwa akija hana homa, ukausukuma mpira, kisha akatetemeka, usimtazame malaria kwanza. Vijidudu vimo ndani ya mpira wenyewe. Wewe umevisukuma kwenye damu kwa mkono wako, na ndiyo maana vimeamka. Mpira usiuguse tena mpaka daktari aje.

Daktari wetu wakati huo alikuwa kijana wa bara, Daktari Kilonzo, mgeni bado, anayevaa viatu vizito kwenye mchanga wetu. Lakini kazi aliijua. Aliagiza damu ichukuliwe kwenye mpira na kwenye mkono kwa wakati mmoja, chupa zipelekwe Mombasa kuoteshwa, na dawa ianze bila kungoja. Kisha, Bi Mwanate akiwa ametolewa nje, akakaa kando ya kitanda amhoji mgonjwa.

"Mzee, siku hizi umekuwa wapi? Umesafiri? Umefanya kazi yoyote?"

"Sikufanya kazi, daktari. Ni kwenda tu kumwamkua Waziri."

Daktari akaacha kuandika. "Waziri?"

"Ee. Waziri wangu. Hunipenda sana."

Mimi nilidhani ni rafiki yake, maana huku kwetu Waziri ni jina la mtu tu. Daktari Kilonzo yeye alidhani ni waziri wa serikali. Alinivuta ukumbini akaninong'oneza, "Sista, mbona hamkuniambia huyu mzee ana watu wakubwa?" Tangu saa hiyo Bwana Shee akapewa kitanda cha dirishani, shuka mpya, na kila anayepita anamwuliza kama amelala vyema. Hakuna aliyethubutu kumdadisi tena kuhusu safari zake za alasiri. Nani atake kuonekana anapekua mambo ya waziri?

Homa ilishuka, majibu ya Mombasa yakaja: wameota bakteria wanaofanana na wale wa kawaida wa ngozi, huenda ni uchafu ulioingia wakati wa kuchota damu. Mimi niliudhika. Uchafu, kwa Alhamdu yangu? Hata hivyo mgonjwa alikuwa anakula, anataniana na wahudumu, anataka kwenda kwao. Daktari alimpa ruhusa, lakini uso wake haukutulia. "Akitetemeka tena," aliniambia, "tutachota upya, na maabara wasitupe kitu."

Juma lililofuata nikausukuma ule mpira polepole, jicho moja kwenye meno yake. Yakagongana.

Safari hii Bwana Shee hakutania. Midomo ilimgeuka rangi. Tukachota tena, mkononi na kwenye mpira, na daktari akapiga simu Mombasa mwenyewe. Maabara kule alikuwapo msichana mmoja, Akinyi, sauti yake nyembamba utadhani mwanafunzi wa shule. Aliahidi kuziacha chupa zikae na kuwatazama wadudu hao hata wakichelewa. Chupa ya damu ya kwenye mpira ikaonyesha dalili mapema kuliko ya mkononi, jambo linaloonyesha chanzo kiko wapi. Siku kadhaa baadaye simu ikalia wodini, nikaishika mimi.

"Bi Dija," akasema Akinyi, "huyu mgonjwa anafuga farasi?"

"Farasi? Amu? Mwanangu, farasi tunawaona kwenye televisheni."

"Huyu bakteria si wa ngozi. Amefanana nao mwanzoni, ndiyo maana alitudanganya. Nimemwacha aote, amegeuka rangi ya samoni, waridi ya kukaribia chungwa, anateleza kama uji. Anaitwa Rhodococcus. Anaishi kwenye udongo wenye samadi ya farasi. Kwa mtu mwenye kinga yake si kawaida kumdhuru, lakini kwa mgonjwa wa dawa za saratani mwenye mpira ni hatari. Punda je? Huko mna punda?"

Nilitazama dirishani. Walikuwa wanapita watatu na mzigo wa saruji, na wa nne amesimama katikati ya njia kwa sababu zake mwenyewe.

"Mwanangu," nikamwambia, "hapa uulize nani hana."

Ule unywele ukanirudia kichwani. Mfupi, mgumu, wa kijivu. Nikaweka simu chini, nikamwita daktari, tukaingia kwa Bwana Shee. Bi Mwanate alikuwa pale pale kwenye kiti chake.

"Mzee," daktari akaanza kwa adabu nyingi, "unafuga punda?"

"Hata. Punda aliondoka nyumbani zamani."

"Nilimtoa mimi mwenyewe," Bi Mwanate akadakia. "Lakini daktari, kwa kuwa umefungua mlango, nami niingie. Mwulize alasiri huenda wapi. Mimi nimemwuliza mpaka nimechoka."

Bwana Shee akaugeukia ukuta. "Nimewambia. Kwa Waziri."

Daktari Kilonzo akainua mkono. "Mama, tafadhali. Tusimwingilie mzee katika mambo yake na waziri."

Bi Mwanate akamtazama daktari, akanitazama mimi, akamtazama tena daktari, kama mtu aliyezungukwa na wendawazimu.

"Daktari," akasema, "Waziri ni punda."

Daktari, wanangu, akazitazama zile shuka mpya. Mimi nilijificha nyuma ya chati, lakini chati ilikuwa inatikisika. Kisha Bi Mwanate akashika uso kwa mikono miwili na mabega yakaanza kupanda na kushuka. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, na machozi yanamtoka kweli, kwa kuwa majuma yote hayo alikuwa amelala na mke mwenza kifuani, na sasa mke mwenza yule ana mkia.

Kicheko kilikatika ghafla kama uzi. Akasimama.

"Kwa hiyo hukunikhini kwa mwanamke. Umenikhini kwa mauti. Ungekufa, Shee, watu wakaniuliza mumeo amekufa na nini, ningewajibu nini mimi? Punda?"

Bwana Shee hakuinua sauti. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema polepole.

"Tangu nirudi Mombasa, kila anijiaye hunitezama kama maiti aliyechelewa kuzikwa. Husema nami taratibu. Hunishika mkono kama yai. Hata wewe, Mwanate, huniwekea chakula kisha hugeuka ukalia jikoni. Nikienda kwa Waziri, hajui kama nna ugonjwa. Hunisukuma. Nikimwita ndoo, hukataa kuja. Nikimkaripia, hunipiga mkia. Na mimi namsugua mgongo, namwondolea samadi, naona bado ni Shee."

Bi Mwanate akaketi tena. Wanangu, tunawafundisha wagonjwa mambo ya kuepuka. Ni nadra kuwauliza tunawanyang'anya nini. Nikimwuliza leo mgonjwa wa mpira yale anayoyafanya kutwa, namwuliza pia lipi kati ya hayo hawezi kuliacha. Hilo la pili ndilo hutoa siri.

Mambo yakawa wazi. Anamsugua punda, anatoa jasho, plasta inabanduka, vumbi la zizi linaingia, naye anaigandisha kwa utepe ili mimi nisijue. Daktari akamweleza kwamba mpira lazima utoke. Hapo ndipo vita vilipoanza, maana Bwana Shee aliukumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Huu ndio ndia ya dawa yangu. Mkiutoa, saratani itaniua."

"Mzee, hao vijidudu wamejenga ndani ya mpira," daktari alisema. "Dawa tunayokupa inafagia baraza tu. Nyumbani hawajaguswa. Tukishawamaliza, Mombasa watakuwekea njia nyingine."

"Na kama hawataniwekea?"

Daktari hakumdanganya. "Hatari ipo. Lakini ukibaki nao huu, hatari ni kubwa zaidi."

Bwana Shee akanigeukia. "Bi Dija, wewe mtani wangu. Ningekuwa nduguyo, ungeutoa?"

"Ningeutoa kwa meno," nikamwambia, "na meno yenyewe ni ya bandia."

Hakucheka. Akaomba apewe mpaka kesho. Kesho haikufika kwa amani. Alasiri ile ile, bila mtu kuugusa mpira, homa ikamvamia upya, presha ya damu ikashuka, akawa ananiita kwa jina la mamake. Mzaha ulinitoka wote. Tulimtundikia dripu mkononi, daktari ameshika mshipa wake haondoki, viatu vyake vizito vimelowa maji ya dripu iliyomwagika. Bi Mwanate alisimama miguuni pa kitanda akisoma Yasini kwa sauti isiyotetemeka. Presha ilipoanza kupanda, Bwana Shee akafungua macho yale yasiyo na kope, akasema neno moja tu.

"Utoeni."

Daktari wa upasuaji akautoa kwa ganzi. Nikaushika ule mpira kwa glavu. Kitu chembamba kiasi kile, chepesi, huwezi kudhani kinaweza kumtia mtu kaburini. Ncha yake ilipelekwa kwa Akinyi, naye akamkuta yule yule wa samadi. Picha ya kifua ikapigwa, kwa kuwa bakteria huyo hupenda kujificha mapafuni. Mapafu yalikuwa safi, alhamdulillahi. Akapewa dawa mbili kwa pamoja, kwa muda mrefu, mrefu kiasi cha kumchosha kuliko ugonjwa.

Lakini hakula. Siku ya kwanza tulidhani ni dawa. Siku ya pili Bi Mwanate akamwinamia.

"Sema. Nini?"

"Nduguyo mvivu. Hampi majani."

Bi Mwanate alichukua mkoba wake, akaondoka. Aliporudi kesho yake, alikuwa na alama ya tope kwenye buibui na mkwaruzo mkononi. "Nimempa majani," akasema. "Amenitia kichwa. Sasa kula." Bwana Shee akala.

Ikawa ndiyo ratiba. Asubuhi Bi Mwanate huenda mwisho wa kijiji, kisha huja Amu na taarifa: Waziri amekula, Waziri amegoma, Waziri amemwuma yule ndugu mvivu. Kule mwanzoni alisema "huyo mnyama." Baada ya siku kadhaa nikamsikia akisema "Waziri." Halafu siku moja akamlalamikia mumewe kwamba hakumfundisha punda adabu, kwa kuwa hapendi kuchanwa manyoya upande wa kushoto. Nilimtupia jicho daktari. Naye alikuwa ananitazama mimi.

Damu ilipotoka safi mara kwa mara, Mombasa wakamwekea kifaa kingine, safari hii chini ya ngozi, hakuna ncha inayoning'inia nje. Akamaliza awamu zake zote. Nywele zikarudi, laini kama za kitoto, naye akazichukia kwa kuwa zilimfanya kila mtu atake kumshika kichwa. Daktari Kilonzo alipopata uhamisho, Bwana Shee alimletea viatu vyepesi vya kutembelea mchangani. Alichelewa miaka, lakini alivileta.

Siku daktari wa Mombasa alipomruhusu kugusa punda tena, kwa masharti ya glavu na sabuni, Bwana Shee alinialika Matondoni nishuhudie. Nilikwenda, maana mambo kama hayo siyakosi. Alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Akasimama mlangoni mwa zizi, akaita kwa ile sauti yake ya zamani, ya kuvuka mkondo:

"Waziri! Ndoo!"

Punda akainua kichwa. Akamtazama sana. Kisha akageuka, akatembea pole pole mpaka kwa Bi Mwanate aliyekuwa nyuma na fungu la majani, akamwegemezea kichwa begani, akafumba macho.

Bi Mwanate akatazama pembeni kama hahusiki.

Bwana Shee alisimama pale na glavu zake mpya, mikono ameitanua. "Bi Dija," akasema, "saratani nimeipona. Wale wadudu nimewapona. Talaka hii mnayo dawa yake?"